Mtoto wa Kujibiwa

Mtaa wetu wa Ziwani una mazuri mengi, na mgeni akiusema vibaya mbele yangu tutakosana. Lakini majirani zangu hawajui kunyamaza. Ukiwaomba chumvi watakupa. Ukiwaomba wakae na mtoto wako mpaka utoke kazini, watakaa naye, watamlisha na hata kumwogesha. Ila waombe wafunge midomo yao kwa muda wa mtoto kuvuta pumzi na kusema neno moja, hapo ndipo utajua wema nao una mipaka. Niliwaomba mwaka mzima. Niliwaomba kwa upole, nikawaomba kwa ukali, na siku moja niliwaomba nikiwa nimeshika mwiko, na bado hawakuweza.

Shida ilikuwa binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee, na mwaka huo alikuwa gredi ya tano. Ndani ya chumba chetu, mlango ukiwa umefungwa, alikuwa redio isiyokwisha betri. Aliiga sauti ya mwalimu wake wa hesabu mpaka tukashika mbavu. Alibishana na baba yake kuhusu mpira na kumshinda. Mimi alinihoji maswali mpaka nikamwomba anihurumie, nimetoka kazini. Lakini alipovuka kizingiti tu, alizimika. Alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole, akatazama viatu vyake, na hata nyumba ingeshika moto nadhani asingeita mtu.

Watu walikuwa na neno la hali hiyo na walilitumia mbele yake bila kupunguza sauti. "Huyu ni wa aibu." Tukiwa kwenye bomba la maji mtu angemsalimia, "Sasa mrembo, shule inasemaje?" na kabla mtoto hajainua kichwa, mwingine ameshadakia, "Hawezi kukujibu huyo, ni wa aibu sana." Kisha wanaendelea juu ya kichwa chake: amekuwa wa ngapi, mbona amekonda, kwani hali vizuri? Kila swali lilipata jibu, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwenyewe. Wengine walimtania, "Kwani ulimeza ulimi?" Wengine walinifariji kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nami nilikuwa na msemo wangu, na niliurudia kwa hasira mpaka watoto wa nyumba za ploti yetu wakaanza kuniiga nikipita: "Mwacheni. Ataongea akitaka."

Mume wangu ni dereva wa lori la kaunti, mtu mtaratibu, na hakuwa na wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Kwao magharibi, dawa ya mtoto wa namna hiyo inajulikana toka zamani: shule ya bweni. "Huko atachangamka tu," aliniambia akivua buti zake mlangoni. "Hata mimi nilikuwa bubu hivyo hivyo. Ukilala chumba kimoja na watoto wengi, utaongea hata kama ni kuuliza nani ameenda na sabuni yako."

Dada yake mkubwa alikuwa ameshatafuta nafasi katika shule moja ya kulala karibu na nyumbani kwao. Mpango ulikuwa huu: muhula wa tatu ukiisha, wifi yangu angekuja Nairobi, tungekaa chini, na kama mtoto bado angekuwa haongei, Januari angekwenda.

Nilipandwa na hasira nikashindwa kumalizia chakula. Mtoto asiyeweza kumwambia mwalimu kwamba anaumwa na tumbo, unampeleka akalale na wageni? Akionewa atamwambia nani? Mume wangu alinyamaza, maana yeye akibishana na mimi hunyamaza, na nikajua kwamba amri imeshapita. Nikajiapia kwamba kabla ya shule kufungwa, huyu mtoto ataongea na watu, na hakuna atakayemtoa nyumbani kwangu.

Nilikaa nikafikiri watoto wa hapa hujifunzia wapi kuongea, nikaona si darasani. Darasani wamejaa, na mwalimu wake, mama mwenye roho nzuri, aliniambia wazi kwamba akimsubiri mmoja akusanye ujasiri, kengele inalia. Watoto wa mtaa wetu hujifunza kwa kutumwa. Mtoto yeyote aliye karibu ni wa kutumwa na mtu mzima yeyote. Unamwita, unamtia shilingi mkononi na maneno mdomoni: mwambie nataka kitunguu, si kile kilichoota, mwambie mkate wa jana ulikuwa na ukungu, mwambie nitapita jioni mwenyewe. Mtoto anakimbia na maneno hayo, anapenya kati ya wateja, anayafikisha kwa mtu mzima mwenye haraka zake, na anarudi na jibu. Akifikisha miaka minane ameshakuwa wakili.

Binti yangu hakuwa anatumwa. Walimruka. "Huyo mwache, hatasema," walisema, kisha wakamwita wa jirani. Hawakuwa na ubaya. Kwa huruma yao walikuwa wamemfukuza kwenye shule ambayo wenzake wote waliisoma bure.

Basi nikaanza kumtuma. Wa kwanza alikuwa mama mboga wa getini, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Nilimpa binti yangu bakuli jekundu na pesa, nikamwambia, "Sukuma wiki iliyokatwa, na nyanya. Useme mwenyewe." Akarudi upesi mno. Bakuli limejaa sukuma iliyokatwa nyembamba kama ninavyoipenda, na nyanya juu, na dania ya bure.

"Ulimwambiaje?" niliuliza.

"Sikumwambia. Ameona bakuli."

Nikashuka getini jioni hiyo hiyo. Nilimweleza mama mboga kila kitu, kuhusu bweni, kuhusu wifi yangu, kuhusu Januari. Alinisikiliza akikata mboga bila kuitazama, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Pole, jirani. Nimekuelewa kabisa. Asiposema, simpi."

Kesho yake bakuli lilirudi limejaa. Nilipomuuliza mama mboga, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Midomo ilikuwa inamtetemeka. Ulitaka mimi nifanye nini, nimtazame mtoto wa mtu akilia kwa sababu ya nyanya?"

Nikabadilisha chombo. Nilimpa kikapu cha majani ambacho hakuna mtu getini aliyewahi kukiona, nikampa na kazi ngumu: viazi, karoti na tangawizi. Hapo hakuna wa kubahatisha. Niliketi kitandani nikisubiri. Simu yangu ikalia. Alikuwa mama mboga.

"Jirani, mtoto yuko hapa na kikapu. Nimpe nini?"

"Mwulize yeye."

"Nimemuuliza. Ananiangalia tu."

"Basi subiri."

"Nisubiri mpaka lini, na hili jua?" Nyuma yake nilisikia wateja wakitoa ushauri. Mmoja alisema mpe sukuma, huwa anabeba sukuma. Mwingine alisema labda mama yake ni mgonjwa, mpe ndizi. Nikapaza sauti kwenye simu ili wote wasikie: "Mwacheni. Ataongea akitaka." Na kwa vile mama mboga alikuwa ameweka spika, getini pazima palisikia, pamoja na binti yangu mwenyewe aliyesimama pale na kikapu.

Alirudi na ndizi.

Sitaki mtu afikiri nilikata tamaa hapo. Nilikuwa nimewaka. Kazini kwangu nakaa mapokezi katika kliniki ya meno, na kazi yangu ni hiyo, kujibu watu. Mgonjwa hajafungua mdomo nimeshajua ni jino la nyuma, hajauliza choo nimeshamwonyesha. Siku hizo nilikuwa nafika jioni nimechoka kujibu, na bado natoka kupita mlango kwa mlango kuwaomba watu wazima wenye akili zao wasimjibie mtoto wangu. Waliniambia ndiyo, ndiyo, mama, tumeelewa. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilipogeuza mgongo nilisikia, "Njoo mrembo, usiogope, najua unataka kibiriti."

Kisha likaja la kanisani. Kila muhula huwa tuna Jumapili ya watoto, ambapo wao ndio huendesha ibada. Nilimwomba mwalimu wao ampe binti yangu mstari mmoja wa Biblia akariri mbele, mstari mfupi, usio na maneno ya kutegua ulimi. Tuliufanyia mazoezi nyumbani mpaka baba yake naye akawa anausema akinyoa ndevu. Ndani ya nyumba aliusema vizuri, akiwa amesimama juu ya kiti, mkono mmoja kiunoni.

Siku yenyewe alipanda jukwaani na gauni lake la manjano, akashika maikrofoni. Nilimwona akivuta pumzi. Naapa nilimwona mdomo ukifunguka. Na mhubiri wetu, baba wa watu, mwenye upendo usio na breki, akashindwa kuvumilia. "Kanisa," akasema, "huyu binti wetu ni wa aibu, na leo amejitokeza. Mpigieni makofi ya kilo tano!"

Basi wakayapiga. Kila mtu kwetu anajua makofi ya kilo yanavyopigwa: mnahesabiwa, mnapiga kwa pamoja, na mwisho lile kubwa linalotikisa mabati. Yalipokwisha, mama mmoja wa safu ya mbele akaanza kumkumbusha mstari, neno la kwanza tu, kumsaidia. Mwingine akaongeza la pili. Kufumba na kufumbua kanisa zima lilikuwa likikariri mstari wa mtoto wangu kwa sauti moja, wengine wamefumba macho, na yeye amesimama katikati na maikrofoni kifuani. Walipomaliza, wakampigia makofi tena. Alishuka ngazi akiangalia viatu. Watu walinishika mkono nje wakinipongeza.

Siku hiyo hakuongea hata nyumbani. Hilo halikuwa limewahi kutokea. Nilimpikia chapati, nikamkalia karibu, nikamwambia, "Najua umeumia. Najua unawachukia wote. Hata mimi nawachukia." Aligeukia ukutani akalala.

Mume wangu alikunywa chai yake, akasema polepole, "Unaona sasa?" Sikujua anamaanisha nini, na sikutaka kujua.

Jambo jema lilikuja mahali ambapo sikulitegemea. Jumamosi huwa tunanunua nyama soko la Burma. Bucha tunayokwenda ni moja tu, ya mzee aliyekuwa akimuuzia mama yangu mkwe zamani alipokuwa akija mjini, na mzee yule, kama wengine wote, akimwona binti yangu mlangoni alikuwa ameshakata nusu kilo ya nyama ya paja na kipande cha mafuta. Jumamosi moja tulimkosa. Alikuwa amekwenda kwao kwenye matanga, na nyuma ya mizani alisimama kijana tusiyemjua, kofia imekaa upande.

Nilimpa binti yangu pesa nikabaki ng'ambo, nikijifanya nachagua ndimu. Bucha ilikuwa na watu. Kijana alimwona, akainua kidevu.

"Niaje mtoi. Nikupimie ngapi?"

Hakuna aliyemjibia. Waliokuwa mle walikuwa wateja wa kupita, kila mmoja na shida zake. Binti yangu alisimama. Nikamwona akivuta sweta. Kijana akaendelea kunoa kisu, wala hakumhimiza, kwa sababu hakuwa na habari kwamba kuna la kuhimiza.

"Nusu," nikamsikia. "Ya paja. Na usiweke huo mfupa."

"Mfupa ni wa supu, mtoi."

"Hatutaki supu. Punguza mfupa, weka nyama."

Kijana akacheka, akautoa mfupa. Mimi kule kwenye ndimu nilikuwa nalia. Mwenye ndimu aliniuliza nimepatwa na nini, nikamwambia mwanangu amekataa mfupa, na akaniangalia kwa mashaka.

Njiani sikumwambia kitu, kwa hofu ya kuharibu. Alitembea mbele yangu akirusha mfuko wa nyama huku na huku. Usiku nilimsimulia mume wangu kwa majigambo, nikamwambia amwandikie dada yake ujumbe asisumbuke kuja. Akasema tusubiri kidogo. Jumamosi iliyofuata mzee alikuwa bado hajarudi; nilimtuma tena, na tena akaongea. Alimuuliza yule kijana bei ya maini. Maini! Sisi hatuli hata maini.

Jumamosi ya tatu nilishindwa kujizuia. Niliingia naye buchani, nimevaa kitenge changu kizuri, nikamshika yule kijana mkono wake wenye damu, nikamshukuru mbele ya watu. "Wewe umenifanyia kazi ambayo mtaa mzima umeshindwa," nilimwambia. "Huyu mtoto huwa haongei na mtu. Haongei kabisa. Kwako wewe tu ndiyo anafungua mdomo. Mungu akubariki."

Kijana alifurahi mno. Alimtazama binti yangu upya, kutoka kwenye ribeni mpaka kwenye viatu, kisha akainama juu ya meza na kumsogezea uso. "Aii, kumbe wewe ndiye huongeangi? Leo sasa utaniambia nini? Hebu ongea kidogo tusikie. Wasee, nyamazeni, mtoi anataka kuongea."

Bucha ikanyamaza. Binti yangu alitazama viatu vyake. Tulisimama hivyo mpaka mteja mmoja akasema, "Mpimie nusu, mama yake yuko hapa," na kijana akapima nusu na kuweka mfupa juu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimlaani kijana yule njia nzima mpaka Ziwani: hana adabu, hana akili, vijana wa siku hizi hawawezi kukabidhiwa kitu kizuri. Mtoto alitembea nyuma yangu. Baada ya hapo Burma nilikwenda peke yangu.

Shule ikafungwa. Wifi yangu alishuka kutoka magharibi na kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi na sauti yake ambayo haihitaji maikrofoni. Alimkumbatia binti yangu, akamuuliza kama anamkumbuka senje wake, yaani shangazi yake, na mtoto akatabasamu kidogo, akaenda nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu, upande wenye kitanda. Tukanywa chai. Kuku aliwekwa chini ya meza.

Wifi alisema shule ni nzuri, matroni ni mcha Mungu, maji yapo, na yeye mwenyewe atakuwa anapita kumwona. Nilimwacha amalize. Kisha nikaanza. Nilisema mpaka chai ikapoa. Nilisema huyu mtoto hajazoea giza la shamba, atalia kila usiku. Haogi mbele ya watu. Hawezi kuomba maji ya kunywa, hawezi kusema amevunja ukucha, wakubwa watamgeuza mtumwa na hatafungua mdomo. Nilisema nimepigana mwaka mzima kumfungua na watu wamekuwa wakimfunga, na bweni ndilo litamfunga kabisa.

Mume wangu alisubiri, kama kawaida yake. "Lakini hatujamuuliza mwenyewe," akasema.

"Hakuna haja ya kumuuliza. Hataki kwenda."

"Amekuambia?"

"Mimi ni mama yake. Najua. Anaogopa, hataki, na ukimuuliza hatakujibu, utamwumiza bure."

Pazia likasogea. Binti yangu alitoka akasimama kando ya friji, mikono ndani ya sweta. Alikuwa amepiga pasi kola yake, sijui saa ngapi.

"Mama," akasema, mbele ya senje wake, kwa sauti yake ya ndani ya nyumba. "Mimi sikusema hivyo."

Nilimwambia asiogope, akae, mimi namsemea.

"Usinisemee," akasema. "Mimi nataka kwenda."

Hata kuku alitulia. Wifi yangu, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alishika kikombe chake kwa mikono miwili akakitazama. Ni mimi niliyeuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Kwa nini?"

Alifikiri. Tulimsubiri, kwa sababu hakuna aliyejua jibu la kumwazima.

"Huko hawajui mimi huwa siongei."

Niliinuka nikatoka nje. Nilifika kwenye bomba la maji nikasimama na mikono mitupu, sina ndoo, na majirani wawili wakaniuliza kuna nini, kuna matanga? Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na mume wangu, kwa kusubiri kwake. Na mtoto, kwa kuwa angeweza kuyasema hayo mapema na kuniokolea mwaka. Na yule kijana wa bucha, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kuambiwa na mimi kwamba mtoto haongei. Niliwaambia majirani hakuna kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaficha jambo, na waliumia.

Januari tulikwenda kununua sanduku. Mtoto wa bweni hana budi kuwa na sanduku la bati lenye jina lake, na mafundi wazuri wako chini kule kuelekea Majengo, ambako nyundo zinagonga kutoka asubuhi na huwezi kumsikia mtu aliye ubavuni mwako. Alichagua la buluu. Aligonga kifuniko kwa vidole, akachezesha bawaba, akakataa la kwanza kwa kuwa lilikuwa limebonyea pembeni. Nilikuwa nimeshika pochi yangu kwa mikono yote miwili.

Fundi wa rangi alichovya brashi, akanitazama mimi. "Mathe, tuandike jina gani?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Jina lilikuwa ulimini. Ni mimi niliyempa jina hilo, na nimelitaja kwa niaba yake hospitalini, shuleni, kanisani na kwa kila mtu aliyewahi kuuliza. Binti yangu aligeuka akaniangalia. Nikaufunga mdomo.

Fundi alisubiri. Nyundo ziligonga. Watu walikuwa nyuma yetu na masanduku yao, na mama mmoja akasema kwani huyu mama hajui jina la mtoto wake. Meno yangu yaliuma kwa kubanwa. Binti yangu alivuta sweta, kisha akaiacha. Alisema jina lake, na fundi hakusikia.

"Ati?"

Akalisema tena, kwa nguvu, majina yote matatu, juu ya zile nyundo. Fundi akaanza kuandika. Herufi zilitoka nyeupe, kubwa, na binti yangu aliziinamia akizisimamia moja baada ya nyingine.

"Na kufuli, mathe?" fundi akaniuliza bila kuinua kichwa. "Ya funguo mbili ama tatu?"

Nilitaka kumjibu. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni, na nilijua nikifungua mdomo kitakachotoka si jibu la kufuli.

"Mathe?" Fundi aliinua macho. "Kuna shida?" Akamgeukia binti yangu. "Mbona haongei?"

Binti yangu alisogea akasimama mbele yangu, kati yangu na yeye.

"Mwache," akamwambia. "Ataongea akitaka."

Fundi akarudi kwenye brashi yake, na wote wawili wakanisubiri.